Chungu Kisichojua Nyama

Siku Salmini alipoondoka Tabora, Josepha alisimama kwenye kituo cha reli kati ya wachuuzi wa karanga, kitenge amejifunika mpaka kwenye nyusi na ungo ameukumbatia kifuani. Hakuwa mchuuzi. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu huko Kwihara, na karanga zile alizikaanga mwenyewe alfajiri ili apate sababu ya kulikaribia behewa. Mama yake Salmini, Bi Zeyana, alikuwa ameapa kwamba akimwona yule binti wa Kikatoliki karibu na mwanawe, yeye atajilaza kwenye reli na treni isiondoke.

"Karanga!" Josepha aliita.

Salmini alitoa kichwa dirishani. Alikuwa amevaa shati jeupe jipya lenye mikunjo ya dukani. Macho yake yalipita juu ya wachuuzi wote, yakarudi, yakatua.

"Dada wa karanga, sogea hapa."

"Karanga za nini?" Bi Zeyana, aliyeingia kumpangia mizigo, alisema kutoka ndani ya behewa. "Nimekufungia kuku mzima na mikate ya kumimina. Mpaka unafika Dar es Salaam utakuwa bado unatafuna."

"Njia ndefu, mama. Dar tu ndiyo karibu, kuna Maskati mbele." Akamgeukia Josepha. "Hizi zimekaangwa lini?"

"Leo alfajiri, kaka. Zina chumvi kidogo."

"Na Jumapili je? Jumapili mnauza?"

Josepha aliinua macho. Hakuna mwingine pale aliyejua anachoulizwa. "Jumapili bado," alisema polepole.

"Mimi kuanzia wiki hii nitakula karanga hata Jumapili. Siku zote saba."

"Na mimi."

"Na wewe nini?" Bi Zeyana alichungulia.

"Na mimi nawatakia safari njema, mama."

Treni ilipiga honi, Bi Zeyana akaenda kushuka. Salmini alipokea kifurushi cha karatasi, vidole vyake vikabaki juu ya vidole vya Josepha kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kununua karanga. Kisha magurudumu yakaanza kuzunguka. Josepha alirudi Kwihara kwa miguu, na njia nzima alinusa mikono yake.

Jambo la Jumapili lilikuwa na historia.

Salmini alikuwa fundi wa mashine ya kusaga pale kijijini. Walipendana miaka miwili, kwa macho kwanza, kisha kwa maneno machache yaliyopita juu ya kelele za mashine. Hatimaye alikwenda kumwamkia baba yake Josepha, Mzee Wenceslaus. Mzee alifurahi mno, na furaha ndiyo iliyoharibu. Kwihara nzima inajua kwamba kukiwa na mgeni Mwislamu, jirani Mwislamu huitwa kuchinja, na watu wote hula sahani moja bila swali. Hata kwenye harusi za kanisani hufanyika hivyo. Lakini siku ile Mzee alitaka kumheshimu mgeni kwa mkono wake mwenyewe. Alimkamata jogoo wake mkubwa asubuhi na mapema, akamchinja, na chakula kilipoiva akampa mgeni firigisi, kipande ambacho hapewi mtu hivi hivi.

Salmini alikitazama kile kipande kama mtu aliyewekewa kaa la moto kiganjani.

"Baba, nisamehe. Kuku huyu amechinjwa na nani?"

"Na mimi. Kwani amekulalamikia?"

Salmini alikula ugali kwa chumvi. Mgeni alipoondoka tu, Mzee Wenceslaus akasema, "Mtu anayeikataa firigisi yangu asinitegemee kumpa binti yangu." Habari zilipofika mjini, Bi Zeyana naye akasema yake. "Huyo mwalimu atakupikia nini? Kila sufuria ya kwao imepita kibudu."

Wiki iliyofuata, nyuma ya mashine, Salmini alikuwa anajifuta grisi mikononi.

"Josepha, ugomvi wote huu ni wa kisu. Tukikiondoa kisu je?"

"Tule nini? Majani, kama mbuzi?"

"Polepole. Tuanze na siku moja."

"Basi Ijumaa. Mimi Ijumaa sili nyama tangu utoto. Ndivyo mama alivyonilea, Mungu amrehemu."

Salmini aliangua kicheko. "Ijumaa! Katika siku zote umechagua siku ya pilau ya mama yangu!"

Lakini aliiacha ile pilau. Alimwambia mama yake kwamba tumbo linamsumbua. Baada ya mwezi waliongeza Jumatatu na Alhamisi, siku ambazo Salmini alikuwa akifunga sunna, akawa anafuturu kwa kunde. Kisha Jumatano. Kisha Jumanne. Jumamosi ilikuwa ngumu kwa sababu ya mishikaki ya sokoni, ikamchukua Salmini miezi mitatu. Jumapili ilibaki peke yake, kwa sababu Jumapili Mzee Wenceslaus alitaka kitoweo cha maana baada ya misa, na Josepha hakuwa na ujasiri wa kukaa mezani na baba yake asile.

Mwanzoni walishinda na njaa. Josepha alipika maharage maji matupu, na saa nne darasani tumbo lake likanguruma mpaka watoto wakacheka. "Mwalimu, kuna simba!" Ikabidi ajifunze. Aliwaendea mabibi wa kijijini, akauliza walikula nini zamani, miaka ambayo ng'ombe walikufa. Walimcheka, kisha wakamwonyesha. Akajua kuloweka uyoga mkavu wa porini usiku kucha na kutoyamwaga yale maji meusi, maana ladha yote iko humo. Akajua kutwanga karanga mpaka zitoe mafuta, kuchemsha njugu mawe na magadi kidogo zilainike, na kupika nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, bila kuyaharakisha. Akanunua chungu kipya, akakiweka kando ya vyungu vingine vya nyumbani. Kile hakikuingia nyama hata siku moja, na humo ndimo alimopakua bakuli alilompelekea Salmini mashineni.

"Kwaresima ya mwaka huu haina Pasaka?" baba yake aliuliza. Lakini alikuwa anamega tonge la nne.

Halafu Bi Zeyana na mumewe wakaamua kumpeleka kijana kwa mjomba wake Maskati, afanye kazi, asahau. Salmini hakuweza kumkatalia baba yake aliyekuwa mgonjwa. Aliahidi kuandika.

Jumapili ya kwanza baada ya treni ile, Josepha alikaa mezani na baba yake, akajipakulia ugali na uyoga, akaiacha nyama. Mzee alimtazama tu.

Barua haikuja. Mwezi wa kwanza Josepha alisema meli zinachelewa. Mwezi wa tatu alisema labda ameumwa. Mwezi wa saba hakusema kitu tena. Alipika kila jioni kana kwamba kuna mtu anakuja, akapakua, akakaa na sahani magotini akisikiliza mashine ya kusaga, ambayo sasa iliendeshwa na fundi mwingine aliyeiwasha vibaya. Wakati mwingine karanga zilipoanza kutoa mafuta, ile harufu ilimjia na shati jeupe na vidole, na ilimbidi atoke nje kwanza. Hakujua kama Salmini bado anakumbuka. Pengine huko Maskati alikuwa anakula mbuzi mzima siku zote saba, na yeye hapa anashika ahadi ya mtu mmoja.

Ndipo watu wa kijiji cha Puge wakaleta neno la posa. Tobias Lugembe, mwalimu mwenzake, Mkatoliki, mpole. Wazee wake wangefika Jumapili kupata jibu.

"Sikulazimishi," Mzee Wenceslaus alisema. "Lakini umri nao haumngojei mtu. Miezi kumi na moja, mwanangu. Hata mfungwa huandika."

Josepha aliomba mpaka Jumamosi jioni afikiri.

Jumamosi hiyo, saa tano mchana, Bi Zeyana akaingia uani.

Alikuja na binti yake, Tufaha, msichana wa miaka kumi na tisa aliyebeba mwavuli na kicheko alichokuwa anakizuia. Bi Zeyana alivaa buibui lenye vumbi la njia nzima. Josepha alikuwa anapepeta njugu mawe. Aliinuka, ungo ukamponyoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikuja kuamkiana." Hakukaa kwenye kiti alicholetewa. "Nimekuja unifungulie mwanangu."

"Nimfungulie?"

"Usinifanyie usomi. Limbwata ulilompa, lifungue. Nitakulipa unachotaka. Mwaka unakwisha, na kaka yangu ameniandikia. Unajua ameandika nini? Mwanangu hali nyama!"

Josepha alishika nguzo ya jiko.

"Nyama iliyochinjwa kwa bismillahi," Bi Zeyana aliendelea, sauti ikipanda, "na watu wanaoswali swala tano, kwenye nyumba ya mjomba wake wa damu, na hali! Samaki hali! Ameletewa binti wa kuoa, binti mzuri, jina lake sijui Asila. Wamechinja kondoo wawili. Yeye amekaa pale mbele za watu na sahani ya dengu! Kaka yangu ameaibika. Wamegombana, amehama nyumba, anakaa chumba cha kupanga huko Matrah, pembeni ya Maskati, anajipikia. Mwanamume! Anajipikia! Kama si dawa ni nini?"

 Machozi yalikuwa yanamtiririka Josepha na alikuwa anacheka, na alijua ni utovu wa adabu lakini hakuweza kuacha.

"Anacheka," Bi Zeyana alimwambia Tufaha. "Umemwona? Mchawi anacheka."

"Mama, hicho si kicheko cha kichawi," Tufaha alisema. "Mtazame vizuri."

"Siku zote saba?" Josepha aliuliza. "Hata Jumapili?"

"Jumapili imekuja kufanya nini hapa? Siku zote! Nimekwambia siku zote!"

Josepha alikaa chini, palepale kwenye njugu zilizomwagika. Miezi kumi na moja ilimtoka kifuani kwa pumzi moja.

Alipoweza kusema, alisema kwa upole. "Mama, sijampa Salmini dawa. Nilimpa chakula. Ukila utajua."

"Mimi? Nile mkono wako? Na mimi unifunge?"

"Basi pika wewe. Vitu ni hivi, maji yale, moto huu. Mimi sitagusa kitu. Nitakaa pale kwenye gogo nikuelekeze kwa mdomo tu."

"Na chungu?"

"Hiki hakijawahi kuona nyama. Wala ya kwenu wala ya kwetu."

Bi Zeyana alikishika kile chungu, akakinusa ndani, akakigeuza, akakinusa tena. Mwanamke aliyesifiwa pilau mji mzima hawezi kuambiwa kuna chakula asichokijua akaondoka hivi hivi. Alivua buibui, akampa Tufaha. Akakunja mikono ya gauni.

"Sema."

"Uyoga umelowekwa tangu jana. Utoe, lakini maji usimwage."

"Maji haya machafu?"

"Yachuje. Hayo ndiyo mchuzi."

"Vitunguu?"

"Vikaange viwe vyekundu kabisa, karibu kuungua."

"Usinifundishe kukaanga vitunguu, binti. Nimeanza kukaanga vitunguu wewe hujazaliwa."

"Samahani, mama."

"Viungo viko wapi? Bizari? Hiliki? Huna hiliki? Mnaishije?" Akafungua pindo la khanga yake na kutoa punje tatu alizozibeba kwa ajili ya kutafuna njiani. Akazitwanga na kuzitia.

Tufaha alikaa karibu na Josepha kwenye gogo. "Wifi," alinong'ona, "umemweza."

"Nakusikia!" Bi Zeyana alisema bila kugeuka. "Wifi wa nani? Karanga zinaingia sasa au baadaye?"

"Baadaye. Uzikoroge na maji ya uyoga kwanza, zisishikane. Kisha moto mdogo, usubiri mafuta yapande juu."

"Yamepanda."

"Bado, mama. Hayo ni mapovu."

Bi Zeyana aliinama, akatazama. Yalikuwa mapovu. Alikoroga, na uani ikasikika sauti ya mwiko na chungu tu. Mafuta yalipopanda kweli, ya dhahabu pembeni, alisema "Haya" kwa sauti tofauti. Akapakua mchuzi, akasonga ugali wa muhogo mwenyewe humo humo. Akachota njugu mawe alizotangulia kuzichemsha kwenye chungu kile kile, akaziongezea chumvi na ndimu.

Wakala watatu kwenye mkeka. Bi Zeyana alisema bismillahi, akaonja kidogo kwa ncha ya kidole. Akamega tonge. Akamega jingine. Alikula kichwa chini, mpaka sahani ikawa nyeupe, kisha akajiongezea, na alipomaliza alinyoosha miguu mbele yake kama mtu aliyetoka kulima.

"Nimeshiba," alisema, kwa mshangao kidogo. "Nimeshiba, na sijui nimeshiba kwa kitu gani."

Alichungulia ndani ya chungu.

"Kwa hiyo hana dawa," alisema tena. "Mwanangu anakukumbuka tu."

"Na mimi namkumbuka, mama. Sina la kukuficha. Ila hajaniandikia hata mara moja."

Tufaha aliinama. Bi Zeyana alianza kuokota punje za njugu kwenye mkeka, moja moja, akiziweka kiganjani.

"Ameandika," alisema. "Kila bahasha iliyokuja kwangu, ndani yake mlikuwa na yako. Alihofia baba yako asizipokee zikija hapa. Zilikuwa sita. Nilizichoma."

Josepha alisikia maneno yale lakini yalichukua muda kumfikia. Sita. Aliwaza jioni zote zile, sahani magotini, na mjini mtu anatia kiberiti.

"Zilisema nini?" aliuliza hatimaye.

"Mimi hati hizi za kizungu sizisomi. Tufaha ndiye aliyenisomea. Wala hazikuwa na mapenzi! Ndiyo maana nikasema dawa. Mwanamume anamwandikia mwanamke habari za dengu!"

"Zote zilikuwa za dengu," Tufaha alisema. "Ya kwanza alisema zake zinakuwa maji, hajui anakosea wapi. Akauliza vitunguu vinaingia mwanzo au mwisho. Ya pili alisema amepata karanga sokoni lakini si kama za huku. Aliuliza nsansa unaikausha juani au kivulini, maana Maskati hakuna kivuli. Nyingine alisema amekula dengu siku arobaini na hajachoka na dengu, amechoka kula peke yake." Alisita. "Hiyo mama hakuipenda. Kila barua mwishoni aliandika, 'Nijibu, nina njaa.'"

Josepha alifunika uso kwa viganja. Barua sita, maswali mepesi kuliko yote aliyowahi kuulizwa, na hakujibu hata moja.

"Nililia siku ya treni," Bi Zeyana alisema, sauti yake imeshuka. "Nilisema nimemwokoa. Sasa na mimi simwoni. Nyumba nzima naipikia watu wasiokula kama yeye."

Wakati huo Mzee Wenceslaus akaingia kutoka shambani, jembe begani. Alisimama. Mama wa yule kijana aliyekataa firigisi alikuwa amekaa uani kwake, miguu imenyooka, mkono una mabaki ya ugali.

"Karibuni," alisema, kwa tahadhari.

"Tumeshakaribia, Mzee," Bi Zeyana alisema, akivuta khanga kichwani. "Tumekula."

"Umekula kwangu?"

"Nimekula nilichopika mwenyewe."

"Kwenye moto wangu."

"Kwenye moto wako," Bi Zeyana alikubali. Kisha akasema, "Mzee Wenceslaus, ile siku ya jogoo. Kijana wangu hakukudharau. Ungemwita jirani achinje, angekula mpaka mifupa."

Mzee aliliweka jembe chini polepole. "Nilitaka iwe kwa mkono wangu," alisema. "Nilijua desturi. Nilifurahi nikasahau." Hakuwahi kumwambia mtu hilo, hata binti yake.

"Baba," Josepha alisema. "Naomba watu wa Puge wasije kesho."

"Una hakika? Huyu aliyeko mbali harudi kwa sababu umetaka."

"Najua, baba. Huenda asirudi. Lakini ameniuliza mambo, sijamjibu."

Mzee Wenceslaus alimtazama, kisha akamtazama Bi Zeyana, kisha akatazama sahani. "Nitampeleka mtu na baiskeli kabla jua halijatua," alisema. "Tobias ni mtu mwema. Nitaona haya."

Bi Zeyana aliinuka, akatikisa nguo. "Mimi sijasema nimekubali," aliwatangazia wote. "Mume wangu hajui nimekuja. Nimesema tu sitachoma tena." Akamwambia Tufaha, "Mwandikie anwani."

Tufaha aliandika nyuma ya daftari la darasa la tatu, kwa kalamu ya Josepha, jina la mtaa, jina la duka ambalo hupokea barua, Matrah, Maskati. Aliisoma kwa sauti mara mbili. Kisha wakaondoka kuelekea mjini, mwavuli mmoja, mama akizungumza na binti akicheka, mpaka njia ikawameza.

Josepha alianza kuandika jioni ile ile. Aliandika kwamba dengu zinakuwa maji kwa sababu anazifunika, azipike wazi. Vitunguu vinaingia mwanzo. Nsansa haikaushwi juani. Aliandika kurasa nne za namna hiyo, na hakuna mahali alipoandika kwamba anampenda.

Barua ya kutoka Tabora huchukua wiki tano kufika Maskati. Ya kwanza iliondoka Jumatatu.